Sola kwenye baridi ya Nyanda za Juu Kusini: kipi kweli, kipi uongo

Taja sola kijiweni Makambako mwezi wa saba, watu wakiwa wamejikunyata ndani ya makoti, na hutakosa wa kukuambia kwamba mambo hayo ni ya Dodoma na Singida, huku kwetu jua halina nguvu. Aliye pembeni yake atadakia kwamba shemeji yake kule Makete alifunga paneli ya wati 200, akachomeka pasi, mtambo ukalia mara moja ukazima, kwa hiyo sola ni utapeli mtupu. Wa tatu atauliza sola ya nini wakati REA, wakala wa serikali wa umeme vijijini, wameshaleta nguzo kijijini.

Kila mmoja wao ana ukweli kidogo, na ndiyo maana mabishano hayaishi. Hoja ya baridi imechanganya mwanga na joto. Ya pasi imechanganya wati na uniti. Ya nguzo imechanganya kijiji na nyumba. Nianze na ya baridi, kwa sababu hiyo ndiyo inayowazuia watu wengi hata kuuliza bei.

Paneli haihitaji joto

Madukani kuna vitu viwili tofauti ambavyo vyote huitwa sola. Kuna sola ya maji ya moto, ile yenye mirija myeusi na tangi juu ya paa, ambayo utaiona kwenye hoteli na nyumba za wageni. Hiyo inakusanya joto la jua moja kwa moja na haizalishi umeme hata kidogo. Halafu kuna paneli ya umeme, kioo cha bluu au cheusi chenye fremu ya alumini. Hapa nazungumzia hiyo ya pili.

Paneli ya umeme ni vipande vyembamba vya silikoni vilivyounganishwa. Mwanga ukigonga silikoni unazing'oa chembe ndogo sana zinazoitwa elektroni, na kipande kimetengenezwa kwa namna inayozilazimisha zitembee upande mmoja. Mwendo huo ndio umeme. Joto halisaidii chochote katika kazi hiyo, tena linaivuruga. Kiwandani paneli hupimwa ikiwa na nyuzijoto 25, na kila nyuzi moja inayozidi hapo inaipunguzia nguvu kwa karibu asilimia 0.3 hadi 0.4.

Paneli iliyoanikwa juani huwa na joto kuliko hewa kwa nyuzi 20 hadi 30 hivi. Mchana wa Kyela wenye nyuzi 32, paneli inafika nyuzi 60 bila shida, na hapo imeshapoteza kama asilimia 12 ya nguvu zake. Siku hiyohiyo Njombe hewa iko nyuzi 18, paneli ina nyuzi 43 au 45, imepoteza asilimia 6 au 7. Anga ikiwa safi kote kuwili, paneli ya Njombe ndiyo inayotoa umeme mwingi zaidi. Tena kuna suala la mwinuko. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Njombe inakaribia 1,950, na uwanda wa Kitulo unapita 2,600. Kadiri unavyopanda, hewa iliyo juu yako inapungua, na mwanga unaochujwa njiani unapungua pia. Aliyewahi kung'oa viazi Matamba bila kofia mwezi wa sita anaijua hali hiyo: uso unababuka huku vidole vimekufa ganzi.

Lakini baridi ina mtego wake, na mtego huo unawanasa mafundi kuliko wateja. Paneli ikipoa, voliti zake zinapanda. Chukua paneli mbili kubwa za kisasa, kila moja nyuma imeandikwa Voc ya voliti 49, yaani voliti za paneli ikiwa haijaunganishwa na kitu. Fundi akiziunganisha kwa mfuatano anapata 98. Kontrola yake, kile kifaa kinachosimamia umeme unaotoka kwenye paneli kwenda kwenye betri, inahimili mwisho voliti 100, kwa hiyo anaona yuko salama, anafunga, analipwa, anaondoka. Hizo 49 ni za nyuzi 25. Asubuhi ya baridi Makete, nyuzi 3, umande umeganda kwenye majani, jua linachomoza na kuipiga paneli ambayo imepoa usiku kucha. Voliti zinapanda kwa kama asilimia 6, zile 98 zinakuwa 104, na kontrola inakufa. Mwenye nyumba atasema ilikuwa feki. Dar es Salaam ingedumu miaka.

Wingu ndilo adui

Kama joto si hoja, tatizo liko wapi? Liko kwenye mawingu, na hapa ukanda wetu hauwezi kuzungumziwa kama kitu kimoja. Tanzania kwa jumla hupokea kati ya kilowati-saa 4 na 7 za nguvu ya jua kwa kila mita ya mraba kwa siku. Huo ni utajiri mkubwa. Ujerumani, yenye theluji na majira ya baridi ambayo jua huchomoza kwa saa chache tu, hupata kiasi kidogo kuliko hicho kwa siku, ukichukua wastani wa mwaka, na bado imefunga paneli zenye uwezo unaopita megawati 100,000.

Ila wastani wa nchi haufungwi juu ya paa la mtu. Ukitoka Iringa mjini kwenda Isimani na Pawaga unaingia kwenye ukame na jua la kutosha karibu mwaka mzima. Bonde la Usangu kule Mbarali ni hivyohivyo nje ya miezi ya mvua. Panda Tukuyu, ambako mvua kwa mwaka hupita milimita 2,000, na unakutana na wiki nzima ambayo jua linachungulia kama mgeni asiyetaka kuingia. Mufindi na upande wa mashariki wa Njombe, kule kwenye chai, ukungu wa asubuhi unaweza kukaa hadi saa nne au tano hata kiangazi. Isimani na Tukuyu zinahitaji mitambo miwili tofauti, hata kama familia ni sawa na taa ni sawa.

Chini ya wingu zito paneli haifi. Inatoa labda sehemu ya kumi, labda robo ya uwezo wake. Kwa hiyo mtu anayefunga sola mwezi wa tisa, anga likiwa safi, akaridhika kwamba kila kitu kinawaka, bado hajaijaribu. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Mtihani wa sola huku ni Januari na Machi, na hesabu zote zifanywe kwa miezi hiyo.

Wati ni nini, uniti ni nini

Hapa ndipo pasi ya shemeji ilipozimia. Fikiria nyumba inayovuna maji ya mvua: bati linakusanya, mfereji unapeleka kwenye simtanki, na wewe unafungua bomba. Wati ni kasi ya maji yanayopita kwa wakati mmoja. Wati-saa ni ujazo, ndoo ngapi umekusanya au umechota. Paneli ni bati, betri ni simtanki, na kila kifaa ndani ya nyumba ni bomba lenye upana wake. Wati-saa 1,000 ndizo kilowati-saa moja, na hiyo ndiyo uniti moja unayonunua kwenye LUKU.

Paneli iliyoandikwa wati 100 inatoa wati 100 pale tu jua linapoipiga sawasawa, anga safi, na yenyewe ina nyuzi 25. Ni hali ya maabara. Asubuhi inatoa 20, saa tano 70, mchana labda 85, jioni inashuka tena. Mafundi wanaojua kazi hukusanya siku yote hiyo na kuifanya kuwa saa kadhaa za jua kamili. Kiangazi unaweza kuhesabu saa 5 hadi 6. Kwa miezi ya mvua mimi ningeshauri uhesabu 4, na Tukuyu hata pungufu.

Tuchukue nyumba ya kawaida ya kijijini. Taa nne za LED za wati 5, zinawaka saa tano kila usiku: wati-saa 100. Simu tatu: kama 30. Redio ya wati 5 kwa saa sita: 30. Televisheni ndogo ya inchi 24 inayotumia wati 20, saa nne: 80. King'amuzi, wati 15 kwa saa nne: 60. Jumla wati-saa 300. Umeme wote huo ni chini ya theluthi moja ya uniti, na nyumba imeona taarifa ya habari, watoto wamesoma, simu zimejaa.

Paneli ya kuilisha nyumba hiyo? Gawa 300 kwa saa 4 za jua, unapata wati 75. Lakini kama asilimia 30 hivi hupotelea kwenye nyaya, kontrola, vumbi na betri yenyewe, kwa hiyo unahitaji kama wati 107. Paneli ya 100 itahangaika kidogo, ya 120 itatosha.

Sasa chomeka pasi. Pasi inakula wati 1,000 au 1,200. Dakika 20 za kunyoosha sare za shule zinamaliza wati-saa 400, zaidi ya matumizi ya nyumba nzima kwa siku. Na kabla hata ya kufika huko, inveta ndogo ya wati 300, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO, imeshalia na kuzima, kwa sababu bomba hilo ni pana kuliko mfereji wenyewe. Birika la umeme, jiko la koili, hita ya kuogea, mashine ya kukausha nywele saluni, vyote ni wale wale. Kanuni yangu ni nyepesi: kifaa chochote ambacho kazi yake ni kutoa joto usikipe sola ndogo. Inauma, najua, maana huku kwetu joto ndilo tunalolitaka zaidi. Kwa maji ya kuoga, ile sola ya mirija inafanya kazi hiyo vizuri kuliko paneli na betri. Kwa kupikia, mkaa na kuni havijapata mbadala wa bei rahisi kutoka kwenye paneli mbili za juu ya paa, na muuzaji anayekuambia vinginevyo mwulize atakuuzia betri ya ukubwa gani.

Betri ndiyo inayokula pesa

Paneli nzuri inaweza kudumu miaka 25. Betri mbaya inakufa ndani ya mwaka mmoja. Ukisikia mtu anasema sola yake imekufa, mara tisa kwa kumi paneli bado iko juu ya bati inafanya kazi, na kilichokufa ni betri.

Kosa lililoenea zaidi ni betri ya gari. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ijazwe mara moja. Haikutengenezwa kunyonywa polepole usiku mzima. Ukiishusha hadi chini mara kwa mara, sahani zake za risasi zinachakaa, na baada ya miezi michache inajaa saa nne asubuhi na kuisha saa mbili usiku. Hata betri za risasi zilizotengenezwa kwa ajili ya sola hazitakiwi kutumika zaidi ya nusu ya ujazo wake. Turudi kwenye nyumba yetu ya wati-saa 300. Ukitaka ivumilie siku mbili za wingu, unahitaji akiba ya 600. Kwa kuwa utatumia nusu tu, betri iwe ya wati-saa 1,200, yaani Ah (ampia-saa) 100 kwa voliti 12. Ile ya Ah 40 aliyokuuzia fundi kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo itakusindikiza hadi Januari.

Betri za lithiamu zinaruhusu kutumia asilimia 80 au zaidi ya ujazo, kwa hiyo kwa kazi ileile Ah 65 hivi zinatosha, na zinadumu mara kadhaa zaidi. Bei ya kuanzia ni kubwa, lakini ukigawa kwa miaka, mara nyingi inakuwa nafuu. Tahadhari moja ya wakazi wa Makete na Njombe: lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Iweke ndani ya nyumba, si kwenye kibanda cha bati nje, na suala hilo limekwisha.

Kuna upotevu mwingine usioonekana. Siku hizi paneli kubwa za wati 400 na 450 zimeshuka bei, na watu wananunua moja wakidhani wameula. Paneli hiyo hutoa kama ampia 11 kwa voliti 41. Fundi anaiunganisha kwenye betri ya voliti 12 kwa kontrola ya bei rahisi ya aina ya PWM, ambayo haibadilishi voliti. Inaiburuza paneli ishuke hadi voliti za betri. Ampia 11 mara voliti 13 ni wati 143. Umenunua 450, unatumia theluthi moja. Kontrola ya aina ya MPPT ndiyo inayobadilisha voliti za ziada kuwa ampia. Ni ghali zaidi, na kwa paneli hizo kubwa hakuna ujanja wa kuikwepa. Angalia pia isije ikawa PWM iliyobandikwa stika ya MPPT. Ikiwa nyepesi kama boksi la kiberiti na inauzwa bei ya soda chache, jibu unalo.

Kuhusu paneli feki, tumia futi. Paneli bora za sasa hutoa kama wati 200 hadi 240 kwa kila mita moja ya mraba. Pima urefu, pima upana, zidisha. Paneli ya mita moja kwa nusu mita ni nusu mita ya mraba, haiwezi kuzidi sana wati 120 hata ikiandikwa 300 kwa wino wa dhahabu. Huhitaji cheti wala mashine kugundua hilo, na muuzaji wa Mwanjelwa, Mbeya, au Miyomboni, Iringa, akikuona umetoa futi mfukoni, mazungumzo yanabadilika.

Ielekee wapi?

Video nyingi za mtandaoni zinasema paneli ielekee kusini. Zimetengenezwa Ulaya na Marekani, kaskazini mwa ikweta. Sisi tuko kusini. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo tangu mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba jua la mchana liko upande wa kaskazini wa vichwa vyetu, na mwezi wa sita limeinamia huko kwa kama nyuzi 32. Kati ya Oktoba na Februari linahamia kusini kidogo. Elekeza paneli kaskazini, uilaze kwa nyuzi 10 hadi 15. Mlalo huo mdogo unaiwezesha mvua kuosha vumbi badala ya kuacha tope kwenye ukingo wa chini.

Kivuli ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Vipande vya ndani ya paneli vimeunganishwa kwa mfuatano, na kimoja kikifunikwa, kundi zima linazimwa. Kivuli chembamba cha nguzo ya antena, au tawi moja la parachichi, kinaweza kuondoa theluthi ya umeme. Parachichi zinakua haraka. Kwa wenzangu wa Rungwe na Njombe, mti uliopandwa jana upande wa kaskazini wa nyumba ni kivuli cha miaka mitatu ijayo.

Na radi? Paneli haiivuti. Lakini fremu ya alumini juu ya nyumba iliyo kilimani inahitaji waya wa ethi uliozamishwa ardhini, kwa sababu radi ikipiga karibu, nyaya ndefu za sola zinabeba mshtuko hadi kwenye inveta.

Nguzo zimefika, sola ya nini?

Serikali imetangaza kwamba vijiji vyote vya Tanzania Bara, zaidi ya 12,000, vimefikiwa na umeme. Ni kazi kubwa iliyofanywa kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, REA, na hakuna sababu ya kuibeza. Ila kijiji kufikiwa maana yake laini imeingia katikati, kwenye zahanati, shule, na nyumba zilizo kando ya barabara. Vitongoji vya nchi nzima ni zaidi ya 64,000, na kazi ya kuvifikia ndiyo inayoendelea sasa. Kwa milima ya Kilolo, Ludewa na Makete, ambako kitongoji kimoja kinatazamana na kingine ng'ambo ya bonde na kukifikia ni mwendo wa nusu siku, nguzo hazitasambaa haraka.

Msimamo wangu hautawafurahisha wauza sola. Kama nguzo iko mlangoni kwako, vuta umeme wa TANESCO. Kuunganishwa vijijini ni shilingi 27,000, na mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Nyumba yetu ya wati-saa 300 ingetumia uniti 9 kwa mwezi, yaani shilingi 900. Betri peke yake ni laki kadhaa. Hakuna paneli itakayoshinda hesabu hiyo, na ukitaka sola basi iwe ya akiba umeme unapokatika. Lakini kama laini iko kilomita tatu na hakuna tarehe, kusubiri gizani nako kuna gharama: mafuta ya taa, betri za tochi, na nauli ya kupeleka simu kuchajiwa kwenye duka la kijiji cha pili.

Kuna pia njia ya katikati, gridi ndogo, yaani mtambo na nyaya za kuhudumia vijiji vichache. Mwenga, wilayani Mufindi, kuna mtambo wa maji wa megawati 4 ambao unahudumia vijiji vya jirani na kuuza unaobaki kwa TANESCO. Mfano huo ni wa maji, na milima yetu ina mito. Sola si jibu la kila mahali.

Jua na maji ya Mtera

Swali la nyumba moja likipanuliwa kuwa la nchi, linabadilika kwa namna ya kuvutia. Umeme wetu unategemea sana maji: Mtera megawati 80, Kidatu 204, Kihansi 180, na sasa Julius Nyerere kule Rufiji yenye 2,115. Mwishoni mwa 2022 na tena 2023 tulipata mgao, na ukame ulikuwa sababu mojawapo. Ukitazama kalenda, mabwawa hupungua kiangazi, na kiangazi ndipo jua linapowaka zaidi. Mchana sola izalishe, maji yabaki bwawani; jioni, watu wote wakiwasha taa na televisheni kwa pamoja na jua limezama, maji yafunguliwe. Kwa mpangilio huo nchi haihitaji betri kubwa ya kununua, kwa sababu bwawa lenyewe linahifadhi. Ndiyo mantiki ya miradi kama ule wa Kishapu, Shinyanga, ambao awamu yake ya kwanza ni megawati 50.

Na kwa mkulima, kazi bora ya sola ni ile inayofanyika mchana bila betri. Pampu ya umwagiliaji ndiyo mfano mzuri kuliko yote. Nguvu farasi moja ni wati 746, kwa hiyo paneli tatu za wati 400 zinaisukuma pampu ya nguvu hiyo kuanzia saa tatu hadi saa kumi, na maji yanahifadhiwa kwenye tangi. Hakuna dizeli wala betri ya kufa. Mazao yanahitaji maji zaidi siku ya jua kali, na siku hiyohiyo pampu inafanya kazi zaidi.

Usangu wameanza kuliona hilo, na hapa nina wasiwasi. Mwenye pampu ya dizeli anazima pale mafuta yanapomuuma. Pampu ya sola ikishafungwa haina gharama ya kila siku, kwa hiyo hakuna kinachomkumbusha mwenye nayo kuizima. Maji ya Usangu yanapita bonde oevu la Ihefu, yanaingia Hifadhi ya Ruaha, yanafika Mtera, kisha Kidatu, kisha yanaungana na Rufiji na kuizungusha mitambo ya Julius Nyerere. Tone moja linazalisha umeme mara tatu. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi tangu miaka ya 1990, na hiyo ilikuwa enzi za mifereji na dizeli. Kabla ya kununua pampu, nenda Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ukaombe kibali cha kutumia maji. Kibali hicho kinataja kiasi, na paneli zako zipimwe kwa kiasi hicho, si kwa ukubwa wa mfuko.